Kliniki ya watoto Likoni: sista alifunga mlango kwanza

Nimejazishwa fomu ileile katika kliniki mbili, na ndiyo sababu naandika.

Ya kwanza sitaitaja. Mwanangu alikuwa na wiki sita, tumekwenda chanjo. Karani alinisomea maswali dirishani, foleni nyuma yangu, mavyaa wangu kanisimamia begani. Ni fomu ya PHQ-9, ya kupima dalili za unyogovu (depression), maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, kujiona hufai. La tisa linauliza kama umekuwa ukiwaza ni heri ufe au ujidhuru. Nilijibu hapana, hapana, hadi mwisho. Wewe ungejibu nini pale? Nikaandikiwa sifuri, nikarudi nyumbani na mzigo wangu.

Wiki ya kumi nikaenda hii ya Likoni, Mombasa, mwendo mfupi kutoka feri. Sista alimwambia mavyaa, "Mama, tusaidie kumpeleka mtoto kwenye mizani." Akafunga mlango, akavuta kiti akaja upande wangu wa meza. Kiswahili cha ile fomu ni kigumu, kwa hivyo kila swali aliweka kalamu chini akanifafanulia. Alipofika la tisa hakuharakisha.

Nikasema, "Siku kadhaa." Sikuwa nimewahi kumwambia mtu.

Hakushtuka, wala hakuniambia nimshukuru Mungu kwa mtoto niliyepewa. Aliuliza kama ni mawazo tu au nimeshapanga jambo, na nyumbani kuna nani wa kumwambia. Mimi nawaza polisi. Akanieleza kuwa Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Maskini, nilikuwa nimebeba na hofu hiyo pia.

Kisha tukaandika karatasi, kwa mkono wangu mwenyewe: dalili zangu zinavyoanza, kinachonituliza, dadangu wa kumpigia, na 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu. Hakunielekeza "nenda chumba fulani". Alinisindikiza mwenyewe hadi kwa daktari. Alhamisi akanipigia simu kunijulia hali.

Kasoro zipo. Nilingoja zaidi ya saa mbili, na benchi la nje linapigwa na jua, kwa hivyo beba leso ya kumfunika mtoto. Mshauri nasaha huja Jumanne na Ijumaa tu. Mimi nilifika Jumatano, na zile siku mbili zilikuwa ndefu. Wanaosimamia, tafadhali, ongezeni siku.

Karatasi yangu iko ndani ya kitabu cha kliniki cha mtoto. Juzi tumekwenda chanjo ya wiki kumi na nne. Sista akafunga tena mlango, akauliza yote tisa upya. La usingizi nilijibu siku kadhaa, maana huyu bwana mdogo halali. La tisa nikajibu hapana kabisa, na safari hii ilikuwa kweli.