Bunduki Nafuu ya Kulengea Sahani za Udongo: Uzoefu Wangu na Miroku MK38 Iliyokwishatumika

Nilipoamua kuacha kuazima bunduki za klabu na kununua yangu mwenyewe ya kulengea sahani za udongo, nilikuwa na fungu dogo la fedha na sharti moja: bunduki hiyo iweze kufyatua maelfu ya risasi bila kulegea na bila kuniumiza bega. Baada ya kushika na kujaribu za aina mbalimbali, nilichukua Miroku MK38 ya geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu) iliyokuwa imetumiwa na mtu mwingine kabla yangu, yenye mitutu miwili iliyopandana ya urefu wa sentimita 76, na choki za kudumu, yaani mbano wa mdomo wa mtutu unaopunguza mtawanyiko wa marisau, vile vidonge vidogo vinavyotoka kwa wingi: robo kwa mtutu wa chini na nusu kwa mtutu wa juu. Nimekwisha kuitumia vya kutosha kuweza kuieleza kwa haki.

Kabla ya kuizungumzia, niseme jinsi ninavyopima unafuu, kwa sababu bei ya dukani ni sehemu ndogo tu ya hesabu. Raundi moja ya skiti (sahani hurushwa kutoka pande mbili na kukatiza mbele ya mlengaji) au ya trepu (sahani hukimbia mbele zikienda mbali naye) ni sahani 25, na mlengaji anayejifunza kwa dhati hupiga raundi kadhaa kila anapokwenda uwanjani. Katika trepu ya Olimpiki, ambako kila sahani inaruhusiwa kupigwa risasi mbili, hatua ya mchujo peke yake ina sahani 125. Hatimaye risasi na sahani hugharimu kuliko bunduki yenyewe. Kwa hiyo bunduki rahisi inayokulazimisha kununua nyingine baada ya muda mfupi, au inayokupiga teke hadi ukaanza kufumba macho kabla ya kufyatua, ni ghali hata kama ulipewa kwa punguzo.

Bunduki za marisau zinazofaa kwa mchezo huu zinapatikana kwa maumbo machache. Ile ya pampu, kama Remington 870 inayouzwa tangu miaka ya 1950, ndiyo ya bei ya chini kabisa na haisumbui kwa ubovu. Tatizo lake hujitokeza sahani mbili zinaporushwa kwa pamoja: mkono wa mbele unapaswa kuvuta na kusukuma huku macho yakifuata sahani ya pili, na anayeanza hupoteza mstari wa mwendo wake. Ile ya kujipakia yenyewe kwa nguvu ya gesi ndiyo yenye teke laini kuliko zote, kwa kuwa mtambo wake huugawa msukumo katika muda mrefu zaidi. Niliipenda sana begani. Sikuinunua kwa sababu mbili. Mfumo wa gesi hukusanya masizi na hudai kusafishwa mara kwa mara, na maganda yake hurushwa pembeni, kwa jirani yako kwenye mstari, kisha ukayaokote. Bunduki ya mitutu pacha iliyo ubavu kwa ubavu, ambayo wazee wengi wa uwindaji huiheshimu, ni nzuri kutazama lakini upana wake huziba sehemu kubwa ya kile unacholenga, na nyingi ni nyepesi mno kwa risasi mia moja kwa siku.

Zilizobaki ni za mitutu iliyopandana, na si bahati nasibu kwamba viwanja vimejaa hizo. Zinakupa choki mbili tofauti kwa wakati mmoja, moja kwa kila mtutu. Hukunjwa katikati, hivyo mtu yeyote aliye umbali wa hatua ishirini anaona kwamba iko wazi na haina kitu ndani. Jambo hilo la mwisho nalitia uzito kuliko wengi wanavyofanya. Katika uwanja wenye watu wengi, bunduki iliyokunjwa huondoa mashaka yote.

Swali lililonichukua muda mrefu lilikuwa hili: ninunue mpya ya bei ya chini, au kuukuu ya daraja la juu? Nilijaribu mpya moja ambayo sitaitaja jina. Ilikuwa na nakshi nyingi na mbao ya kung'aa, lakini ilikuwa na uzito wa kilo tatu tu, na nilipoipiga kwenye bamba la karatasi, mtutu wa juu na wa chini havikupeleka marisau mahali pamoja. Kasoro ya namna hiyo haitibiki kwa mazoezi, kwa kuwa mlengaji hawezi kujua kama amekosa yeye au imekosa bunduki. Sisemi kwamba kila bunduki mpya ya bei nafuu iko hivyo. Mji wa Huğlu nchini Uturuki una ushirika wa mafundi bunduki uliodumu kwa miongo mingi na kazi yake nyingi ni ya kuaminika, na Baikal IZh-27 ya Izhevsk, Urusi, ina sura ya jembe lakini huvumilia matumizi ambayo yangeivunja bunduki ya kifahari.

MK38 hutoka katika kiwanda cha Miroku kilichoko Nankoku, mkoa wa Kochi, Japani. Kiwanda hichohicho ndicho kinachoitengenezea kampuni ya Browning bunduki zake za Citori tangu 1973, na muundo wa zote mbili umerithi mengi kutoka kwa Superposed, bunduki ya mitutu iliyopandana iliyokuwa kazi ya mwisho ya mbunifu John Browning, aliyefariki mwaka 1926 akiwa kazini Liège, Ubelgiji, na mwanawe Val akaikamilisha. Naeleza nasaba hii kwa sababu ndiyo inayofafanua uimara wake. Mitutu huzungukia pini moja nene inayokatiza upana wote wa mwili wa bunduki, na hufungwa kwa komeo pana lililo chini kabisa ya mitutu. Mwili unakuwa mrefu kidogo kwenda juu kuliko wa bunduki za Beretta za Italia, na wapo wanaoulalamikia kwa umbo, lakini sehemu zinazosuguana ni kubwa, huchakaa polepole, na fundi anaweza kuzirudisha katika hali yake. Kwa mnunuzi wa kuukuu hakuna sifa iliyo bora zaidi ya hiyo.

Ukaguzi niliufanya kwa utaratibu, nikiwa nimehakikisha kwanza kwamba vyumba vyote viwili vya risasi ni vitupu. Niliangalia wenzo wa kufungulia ulio juu: katika bunduki isiyochakaa, ikifungwa, wenzo huo husimama upande wa kulia wa mstari wa katikati, na kadiri komeo linavyolika ndivyo unavyosogea katikati na hata kupita kushoto. Wa kwangu ulikuwa bado kulia kidogo. Kisha niliondoa mbao ya mbele, ile inayoshikwa kwa mkono wa mbele, nikaifunga bunduki na kuitikisa. Mbao hiyo ikiwa mahali pake huweza kuficha ulegevu wa bawaba, na ndiyo maana sharti itolewe. Nikatenganisha mitutu, nikaining'iniza kwa kidole na kuigonga kwa ukucha: mlio safi unaoendelea unaashiria kwamba tepe za chuma zinazoiunganisha hazijaachia. Nikatazama ndani ya kila mtutu nikiuelekeza kwenye mwanga, kwa kuwa mbonyeo huvunja duara za mwanga zinazoonekana ndani. Mwisho nikachunguza mbao ya kitako pale inapokutana na chuma, mahali ambapo nyufa huanzia, na kusoma alama za majaribio ya shinikizo pamoja na urefu wa chumba, ambao ulikuwa milimita 70.

Kitu kimoja kinaweza kumtia hofu asiyekijua. Kifyatuo cha bunduki hii ni kimoja kwa mitutu miwili, na kinategemea teke la risasi ya kwanza ili kuhamia mtutu wa pili. Ukikijaribu kwa risasi bandia, mtutu wa pili hautalia hadi ugonge kitako kidogo kwa kiganja. Hiyo si kasoro.

Sasa nije kwenye jambo ambalo lingepaswa kumshughulisha mnunuzi kabla ya jina la kiwanda, kabla ya choki na kabla ya urefu wa mitutu: kama bunduki inamkaa. Kwa bunduki ya marisau hakuna alama ya nyuma ya kulengea. Jicho lenyewe ndilo alama ya nyuma, na mahali jicho linapokaa huamuliwa na kitako. Kitako kikiwa kirefu mno hunasa kwenye nguo wakati wa kukiinua; kikiwa kifupi, kidole gumba hugonga pua. Sehemu ambayo shavu huegemea ikiwa chini kupita kiasi, jicho huona mgongo wa bunduki tu. Ikiwa juu sana, marisau hupita juu ya sahani. Jaribio langu lilikuwa rahisi: nilikazia macho alama ukutani, nikayafumba, nikainua bunduki tupu begani kwa mwendo wa kawaida, kisha nikayafumbua. Kwa MK38 nilikuta ushanga wa kulengea ulio mdomoni mwa mtutu umekaa katikati ya utepe wa chuma ulio juu ya mitutu, na utepe wenyewe ukionekana kidogo tu. Kwa ile mpya niliyoikataa nilikuwa natazama nyuma ya mwili wa chuma. Hata hivyo kitako cha MK38 kilikuwa kifupi kwangu, nikamwomba fundi aweke mpira mnene zaidi mwishoni, kazi ndogo isiyo na gharama ya kutisha. Ni vizuri pia kujua jicho lako linalotawala kabla ya kununua chochote, maana mwenye kutumia bega la kulia huku jicho la kushoto likitawala atailaumu bunduki bure.

Uwanjani, uzito wake wa takriban kilo tatu na nusu ndio unaonifurahisha zaidi. Nguvu ya teke hupungua bunduki inapokuwa nzito, na hupungua zaidi marisau yanapokuwa machache: kutoka gramu 28 kwenda gramu 24 kwa kasi ileile, nishati inayorudi begani hushuka kwa karibu robo. Gramu 24 ndicho kiwango cha juu katika mashindano ya Olimpiki, kwa hiyo hakuna aibu ya kutumia risasi laini. Bunduki nzito pia haisimami ghafla inapofuata sahani, na kusimama ghafla ndiko kunakowakosesha wengi.

Choki za robo na nusu zimenitosha kuliko nilivyotarajia. Kwa kipimo cha kawaida, choki ya nusu hupeleka karibu asilimia 60 ya marisau ndani ya duara la sentimita 76 kwa umbali wa mita 36 na ushei, na iliyobana kabisa hupeleka karibu asilimia 70. Katika skiti, ambako sahani nyingi hupigwa karibu, mtutu wangu wa robo hubana zaidi kidogo kuliko inavyofaa, nami hutumia marisau namba 9 yenye kipenyo cha milimita 2 ili kujaza duara. Katika trepu, ambako sahani hukimbia mbele yako, hurudi kwenye namba 7 na nusu, ambayo ni makubwa kidogo. Mlengaji wa trepu pekee angetaka bunduki inayopiga juu kidogo ya pale anapotazama, kwa kuwa sahani zake bado zinapanda. Yangu hupiga karibu sawasawa juu na chini, jambo linalofaa zaidi kwa anayecheza michezo mchanganyiko kama mimi.

Udhaifu mkubwa ni kwamba choki hizo hazibadilishwi. Mtu akitaka kuifanya bunduki hii iwe ya skiti tupu au ya trepu tupu, itambidi ampelekee fundi apanue mitutu au aweke nyuzi za choki, na gharama hiyo huanza kuula unafuu niliouzungumzia. Vilevile ziko sehemu ambako marisau ya madini ya risasi (ledi) yamekatazwa na ya chuma ndiyo yanayoruhusiwa. Marisau ya chuma ni magumu na hayapendi choki iliyobana. Ya kiwango cha kawaida hayapaswi kupitishwa kwenye choki inayozidi nusu, na bunduki ya zamani ionwe kwanza na fundi anayeweza kupima unene wa kuta za mitutu. Mwenye kujua kwamba uwanja wake unadai chuma na atafute MK38 ya miaka ya karibuni yenye choki za kufungua kwa ufunguo na alama inayoidhinisha chuma, hata kama itambidi asubiri zaidi kabla ya kuipata kwa bei anayoimudu.