Tahadhari: nakala ya diski kuu niliyouziwa Kariakoo ilikuwa ganda tupu

Ndugu zangu, naandika haya nikiwa na hasira na aibu kwa pamoja, na wanaotaka kunicheka nawaomba wacheke kwanza wamalize, kisha wasome. Baada ya lile la mafuriko ofisini, ambalo sina haja ya kulirudia, niliapa kwamba kompyuta yangu haitakaa tena bila nakala kamili ya diski kuu, yaani nakala ambayo hata diski ya ndani ikifa ghafla mashine itawaka kwa hiyo nyingine, Windows ikiwa ile ile, programu ya uhasibu na leseni yake, na hesabu za maduka manne zikiwa mahali pake.

Kijana yule wa Kariakoo nilimwamini kwa sababu ambazo hata leo naziona ni za msingi. Aliniamkia kabla sijaketi. Kaunta yake ilikuwa safi, bisibisi zimepangwa kwa ukubwa, na nilipoanza kumweleza shida yangu alinikatiza kwa adabu: "Mzee wangu, wewe hutaki kopi ya mafaili, wewe unataka kloni." Mtu anayekutenganishia mambo mawili ambayo wengine wote huyachanganya, utamshuku kwa lipi? Tena alikataa kupokea fedha yote kabla ya kazi. Tulipatana shilingi 150,000 kwa diski ya nje ya terabaiti 2 pamoja na ufundi, nikatanguliza 50,000, nikampa na nywila yangu, akaniambia nikanywe chai.

Niliporudi baada ya dakika 20 kazi ilikuwa imekwisha. Aligeuza kompyuta kioo kinielekee, akachomeka diski, taa ndogo ya buluu ikawaka. Akazima mashine, akaiwasha, akagonga kitufe cha F12 mfululizo kama mtu anayebisha hodi kwa mdeni wake. Ikatokea orodha fupi ya maandishi meupe, ya kuchagua diski ya kuwashia mashine, akashuka mistari miwili na kuchagua kabla sijapata hata nafasi ya kuvaa miwani. Windows ikafunguka, na picha ya mjukuu wangu ikajaa kwenye kioo kama kawaida. "Sasa hivi tunatumia ya nje, mzee," akasema, "ya ndani imelala." Nikafungua hesabu za Juni, zikafunguka. Nilifurahi mpaka nikamwongezea 5,000 ya soda juu ya salio lake, na hiyo ya soda ndiyo inayoniuma kuliko zote.

Diski ya ndani haikuwa imelala hata kidogo. Ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi muda wote, nami nikilipia maigizo.

Wiki ile ile, kwa kuamini kwamba nina nafasi tele, niliiacha kompyuta usiku kucha ikinakili kwenye diski hiyo gigabaiti 120 za picha za risiti za wateja. Wiki tano baadaye diski ya ndani ikaanza kutoa mlio, tik, tik, na kesho yake ikafa. Nikachomeka ya nje, nikabonyeza F12 mwenyewe, safari hii nikiwa na miwani usoni, na haikuwamo kwenye orodha. Kwenye kompyuta ya jirani, majina ya risiti yalionekana yote, lakini mafaili mengi niliyojaribu kuyafungua yalikuwa yameharibika, na hesabu za Juni hazikuwamo kabisa. Miongoni mwa vilivyosalimika ni vile vichache alivyonakili yule kijana kwa haraka, zikiwamo nyimbo za harusi ya mpwa wangu.

Fundi mwingine alipolibandua ganda tulikuta kadi ya kumbukumbu ya gigabaiti 64, kama zile za simu, imechomekwa kwenye kibao kidogo, na pembeni yake kipande cha chuma kilichogandishwa kwa gundi ili mkono uhisi uzito. Kibao hicho kimechezewa kiiambie kompyuta kwamba kina terabaiti 2. Kadi ikishajaa, yanayofuata hayana pa kukaa, lakini majina yake huendelea kuorodheshwa kana kwamba yamo.

Mtu wa namna hii asiachwe kwa onyo. Ashitakiwe kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, Tume ya Ushindani imkamatie shehena yote ya maganda yake, na TRA wamuulize kwa nini alinipa kikaratasi cha mkono badala ya risiti ya EFD. Na alikuwa na nywila yangu! Nimekwisha kuibadilisha, lakini vitabu vya hesabu vya watu alivipitia au hakuvipitia, nitajuaje?

Mnaoniuliza dalili, zilikuwapo. Diski yangu ya ndani ilikuwa ya zamani, ile ya kuzunguka, ambayo husoma kiasi cha megabaiti 100 kwa sekunde, na ilibeba gigabaiti 310; kazi hiyo haiishi chini ya dakika 50. Halafu Windows ya kawaida mara nyingi hukataa kuwakia kwenye diski ya USB, na fundi mkweli angeniambia kwamba kloni itawaka ikifungwa ndani ya mashine, kwa hiyo wepesi wa yale maonyesho wenyewe ulipaswa kunishtua. Kloni ya kweli huwa na sehemu kadhaa, ikiwamo ile ndogo ya kuwashia. Yangu ilikuwa na moja tu. Ukubwa wa kweli wa diski hupimwa kwa programu ya bure ya H2testw, na kloni hupimwa kwa kuing'oa diski ya ndani na kuifunga kloni mahali pake kabla hujalipa.

Nimemfuata, anasema hanijui. Jumatatu saa 3 asubuhi naenda kituoni na ganda lake kwenye bahasha. Mwenye diski kama hiyo, nyeusi, mfuniko wake ukibonyea unapoukandamiza kwa dole gumba, asiitupe, aje nayo.