Mashine ya kusagia kahawa nyumbani: Mjerumani, Mchina au ya Kiboroloni?

Nianze na aibu yetu kwanza. Mimi mtu wa Kibosho, nimezaliwa kihambani, mibuni iko hapo dirishani chini ya migomba, lakini nyumbani tumekua na chai ya maziwa na siku akija mgeni wa maana mama anafungua kopo la Africafe iliyotoka Bukoba. Kahawa ya kwetu ilikuwa ada ya shule, inapimwa chama cha msingi, inaondoka na magunia yake, basi, ladha yake wanaijua huko mbele ya safari. Nimeanza kuinywa ya kwetu nikiwa mtu mzima na ndevu zangu, tena kwa sababu kuna msimu bei ilikuwa ya kukera tukabakiza debe zima ndani.

Sasa kukaanga sio kazi, kikaango na moto wa wastani unakoroga mpaka mkono ufe ganzi. Shida ni kusaga. Kinu na mchi ni sawa kama unachemsha kahawa chungu ya birika, ila mimi nilishapewa lile jagi la kioo la kukandamiza, frenchi presi, na ukiweka kahawa ya kutwangwa humo unakunywa tope. Kwaiyo nikaingia mjini Moshi kutafuta mashine. Duka la kwanza nikaomba "grainda", jamaa akaniletea ya kukatia vyuma. Tukacheka. Somo la kwanza hilo, sema mashine ya kusagia kahawa, usijifanye mjuaji.

Niliyoipata ilikuwa ya umeme, kikombe kidogo chenye kisu kinachozunguka kwa chini, elfu arobaini na tano. Jamani hiyo haisagi, inakatakata. Unafungua unakuta nusu ni unga kama sembe, nusu chenga kama za mchele, na ukiongeza muda ili zile chenga ziishe ndo kwanza unga unakuwa vumbi na kahawa inapata joto. Ukimwagia maji ya moto, ule unga unatoa uchungu wote fasta na zile chenga hazijatoa kitu zaidi ya uchachu, yani kikombe kimoja kina makosa mawili kwa mpigo. Nikageuza mashine chini nikasoma imetengenezwa China, nikasema eeh ndo maana, Mchina bana. Hapo nilikosea na nitaeleza kwa nini. (Mashine yenyewe ipo mpaka leo, inasaga iliki na pilipili manga, kwa kazi hiyo ni nzuri sana.)

Nikamlilia shemeji yangu aliyekuwa anarudi likizo kutoka Marekani. Shemeji akaniletea mashine nzuri nzito, hii ya meno sio ya kisu, kahawa inashuka katikati ya meno mawili ya chuma inatoka chini punje zote saizi moja. Ndo kitu unachotakiwa kutafuta, narudia, MENO, sio kisu, hiyo ndo tofauti kubwa kuliko nchi yoyote utakayotajiwa. Tukachomeka na adapta sebuleni watu wamekaa wanasubiri kahawa ya Kimarekani. Ikalia kwa nguvu kama pikipiki imekwama gia, sekunde chache moshi, harufu ya waya nyumba nzima.

"Shemeji, volti uliangalia?"

"Volti gani tena, si nimekuletea orijino ya Marekani!"

Fundi alipoifungua hakuhitaji ata kufikiri. "Kaka, hii ya umeme wa 120, sisi huku tunatumia 230, adapta inabadilisha plagi tu, umeme haigusi. Mota imekwenda." Afu akaigeuza chini akanionyesha kikaratasi, Made in China. Shemeji akaangalia pembeni.

Basi hapo ndo nikaanza kufuatilia hizi mashine zinatengenezwa wapi kweli, na nikagundua tunadanganyana sana. Chukua Baratza, ni jina la Marekani la kule Seattle, watu wanaisifia kwa vipuri kupatikana mpaka skrubu moja moja, lakini mashine zinaundwa Taiwan na meno ya ile mashine yao ya Encore yanatoka Ulaya. Sasa hiyo utasema ni ya nchi gani? Wilfa ni jina la Norway, ile Svart yao inaundwa China. Fellow Ode imechorwa Marekani, kiwanda China. Kuna wanaokuwa wakweli, Comandante ya kuzungusha kwa mkono ni Mjerumani kweli, 1Zpresso ni Taiwan na wala hawafichi, Eureka wako Florence Italia tangu 1920. Peugeot nao, hawahawa wa Pijo 504 iliyobeba abiria kila kona ya nchi hii, walianza kutengeneza vinu vya kahawa mwaka 1840, gari la Pijo bado halijawahi kuota kichwani mwa mtu. Ila kwa mashine nyingi, hicho kikaratasi cha chini kinakwambia tu skrubu ya mwisho ilifungiwa wapi.

Na sisi watu wa Moshi tusijifanye kushangaa. Kule Japani kahawa ya arabika ya Tanzania inauzwa kwa jina la Kilimanjaro, ata kama mibuni yake iko Mbinga au Mbeya na haijawahi kuuona mlima kwa macho. Mjapani anakunywa ya Mbinga anasema aah, Kilimanjaro. Nasi tunashika mota iliyofungwa Guangdong kule China tunasema aah, Mmarekani.

Haya, sasa mbili ambazo ndo nimeishi nazo.

Ya kwanza niliikuta Kiboroloni kwenye mitumba, katikati ya masufuria na pasi za zamani. Kisanduku cha mbao, mpini juu, kidroo chini. Nikamuuliza dada anayeuza, hii ya nini? "Ya kusagia pilipili hiyo kaka, Mzungu ameichoka." Akataka ishirini, nikatoa kumi na tano. Nyumbani nikafuta vumbi, kibati kinasoma Zassenhaus, Made in W. Germany. W! Yani Ujerumani Magharibi, kwaiyo ni kabla ya 1990, inawezekana tunalingana umri. Meno ya chuma yalikuwa na kutu kidogo juu juu, brashi ya waya na mchana mmoja ikaisha. Inasaga vizuri kuliko nilivyotegemea, sio saizi moja kabisa lakini ile ya kisu haisogei hapo. Ubaya wake unaikumbatia katikati ya magoti kama unakamua ng'ombe, kahawa ikikaangwa kidogo inakuwa ngumu mpaka unatoka jasho, na kubadilisha unene wa kusaga ni kukisia tu, unalegeza hapa unakaza pale. Wiki ya pili nati ya mpini ikapotea. Fundi baiskeli pale Majengo akachambua kwenye kopo lake la nati, akajaribu tatu, ya nne ikaingia. Mia tano. Niambie ni mashine gani ya laki saba utaifanyia hivyo.

Ya pili ni Mchina, na Mchina wa makusudi safari hii, Timemore C2. Kuna dada anafuata mzigo Guangzhou nikamwagiza, mpaka inafika mkononi laki na tisini. Ni ya mkono, bomba la aluminiamu linalojaa kiganjani, meno ya chuma ya milimita 38, na chini kuna kirungu unachozungusha kinalia tik tik tik, ukishahesabu tiki zako kwa ajili ya presi unakariri, kesho unarudi palepale. Hicho ndo kitu nilichokuwa nakikosa kwenye kisanduku. Gramu 20 zinaisha dakika moja na kidogo. Umeme ukikatika haikuhusu, na huku kwetu hilo sio jambo dogo. Unga wake uko sawasawa, kikombe kimekuwa safi mpaka nikaanza kusikia ile ladha kama limao ambayo wapimaji wa ladha huwa wanaisema ya kahawa ya mlimani, nilidhani ni maneno ya mnada tu.

Kasoro zipo. Ni ndogo, wakija wageni wanne unasaga mara mbili tatu na maongezi yameshapoa. Kahawa yetu ya juu kule mlimani punje zake zimekaza, ukikaanga kidogo mkono unaisikia kweli. Na maganda membamba yanaganda kwenye kikombe cha chini kama yamepakwa gundi, unagongagonga.

Nimeshaitumia Comandante ya rafiki yangu anakaa Njiro Arusha. Sitadanganya, ni tamu zaidi, inazunguka laini na inamaliza haraka. Ila kwa bei yake nanunua hii yangu mara tatu na chenji ya kahawa inabaki, na kipuri kikisumbua yeye anasubiri mtu apande ndege. Kama hela ipo chukua. Kama unaibania ada ya mtoto, acha.

Kitu kingine ambacho huwezi kukisikia kwa Wazungu kwa sababu kahawa yao inafika imeshachambuliwa: vikokoto. Kahawa ya nyumbani iliyoanikwa kwenye mkeka uani inabeba mawe. Binamu yangu wa Sakina alikuwa na mashine ya meno ya kauri, watu walimwambia kauri haishiki kutu, kweli haishiki, lakini kikokoto kimoja tu kikala jino, na jino la kauri halinolewi. Chuma kitaumia ila kitavumilia. Mimi namwaga kahawa kwenye ungo nachambua kama mchele ndo nasaga, sijali meno ni ya nchi gani. Na usioshe meno ya chuma kwa maji, brashi kavu inatosha.

Kwaiyo ukiniuliza leo ninunue ya wapi, nitakuuliza ni meno au kisu, kama ya umeme ni volti ngapi, na mpini ukivunjika Jumamosi jioni utampelekea nani hapa mjini.

Timemore iko kwangu Rau. Kisanduku cha Mjerumani nilimwachia mama Kibosho ajaribu, nikijua atakiweka kabatini kama pambo. Juzi nimepanda kule nimekuta kopo la Bukoba limejaa vifungo na sindano, kidroo cha kisanduku kinanukia kahawa iliyosagwa asubuhi hiyohiyo. Nikajaribu kumwambia nakirudisha mjini. "Baba, kiache," akasema, "hujamaliza hata chai yako."

Haikuwa chai.