Vijana wa Montreal Canadiens: kila mtu anamuimba Demidov, mi macho yangu yako kwa Hage

Bandugu na badada, habari zenu, karibuni tena, tuko hapa Lubumbashi, jua la mwezi wa tisa 2025 linachoma sawasawa, na leo sichambui mpira wa Mazembe wala Lupopo, leo tunaenda kwenye barafu. Hoki. Mnacheka, najua. Lakini ukiwa na yaya, yaani ndugu yako mkubwa, anaishi Montreal lazima atakutumia video za Canadiens, timu yao ya hoki, upende usipende, na mimi wangu ndiye aliyeniingiza kwenye huu ugonjwa, kule mechi inaanza saa moja jioni, wakati wa baridi huku kwetu ni saa nane ya usiku, nyumba nzima imelala mi niko na simu mkononi nakula forfe ya intaneti.

Basi msimu wa 2025-26 uko mlangoni na wengi wananiuliza, katika vijana wa hii ekipe nani ni wa kweli na nani ni wa kwenye mitandao tu. Twende.

Kwa asiyejua kabisa, haraka haraka: watu watano na kipa kila upande, vipindi vitatu vya dakika 20, mchezaji anakaa barafuni kama sekunde 45 hivi anatoka anaingia mwenzake, mchezo hausimami. Hawachezi mpira, wanacheza kisahani kigumu cheusi, wanakiita paki. Na nikisema mchezaji ana pointi, usifikirie pointi za ligi, bao ni pointi moja na pasi ya bao ni pointi moja, na kwenye bao moja wanaweza kuhesabiwa watoa pasi wawili. Hiyo ishike, tutaihitaji.

Halafu drafti. Kila mwaka ekipe 32 za NHL, ile ligi kuu ya hoki ya Amerika ya Kaskazini, zinachagua vijana wa miaka 18 kwa zamu, raundi 7, zile zilizofanya vibaya zinachagua mapema na kuna bahati nasibu kidogo ndani yake. Watu wanaichukulia hiyo namba ya drafti kama bei iliyoandikwa, aliyechaguliwa wa 5 basi ni mzuri kupita wa 62. Mi nakataa, na ushahidi uko ndani ya hiyohiyo Canadiens: Lane Hutson. Alichaguliwa wa 62 mwaka 2022, beki mfupi, mwembamba, ekipe nyingine zote ziliona ule mwili zikapita. Msimu wa 2024-25, wa kwanza wake mzima, akapiga pointi 66, mabao 6 na pasi 60, akachukua Calder, tuzo ya mchezaji mpya bora wa ligi nzima. Mchezaji wa mwisho wa Canadiens kuichukua kabla yake alikuwa kipa Ken Dryden, 1972! Na kocha wao mwenyewe, Martin St. Louis, enzi zake hakuna ekipe iliyomchagua kwenye drafti hata moja, mfupi vilevile, mwaka 2004 akawa mchezaji bora wa ligi. Kwa hiyo ukiniletea habari za sentimita mi nakuangalia tu.

Sasa nakuja kwa mtu wenu. Ivan Demidov.

Mrusi, winga, anapiga kwa mkono wa kushoto, Montreal walimchagua wa 5 mwaka 2024 kule Las Vegas, na jina lake lilitangazwa na nani? Céline Dion. Ndiyo, yeye mwenyewe mama Céline, wa harusi zetu zote. Sasa kijana akitangazwa na Céline Dion unategemea nini, watu walimpenda kabla hajavaa patini, vile viatu vya barafu.

Lakini niwe mkweli, huyu ni mzuri kwelikweli. Baada ya drafti alibaki Urusi mwaka mmoja na SKA ya Saint Petersburg, ligi ya watu wazima, na kuna siku alikuwa anachezeshwa dakika chache mpaka unamhurumia, na bado akamaliza na pointi 49 kwenye mechi 65. Hakuna kijana wa chini ya miaka 20 aliyewahi kufika hapo kwenye msimu mmoja wa ile ligi. Mimi hiyo ndiyo naiangalia kwanza kwa kijana yeyote, umefanya nini mbele ya watu wenye ndevu, siyo mbele ya watoto wenzako.

Na mechi yake ya kwanza Montreal, tarehe 14 mwezi wa nne 2025 dhidi ya Chicago, akatoa pasi ya bao na akafunga lake mwenyewe, na ekipe ikapoteza 4-3 kwa penalti, ila usiku ule nani alikuwa na habari na matokeo. Angalieni miguu yake, simamisheni video kabisa muangalie. Anafungua visigino vyote viwili, vidole vinaangalia nje, anateleza kwa ubavu huku kifua kinamuangalia beki, kwa hiyo beki hajui anaenda kulia au kushoto, na paki iko mbali na mwili kwenye ncha ya fimbo. Beki akisogea hatua moja amekwisha. Hiyo kitu haifundishwi ukubwani.

Sasa kwa nini siyo namba moja wangu?

Kwanza, video fupi mnazoziona mitandaoni, zile za mabao tu, ni kama beseni la nyanya pale Marché Kenya, nzuri zote ziko juu, mama mjanja anatia mkono chini. Ukitia mkono chini kwa Demidov utakuta kijana anayepoteza paki kwa kutaka kumpita mtu wa tatu wakati wawili walishatosha. Siyo dhambi, atajifunza. Sababu kubwa ni ya pili: yeye ni winga. Na hii ekipe haina njaa ya winga, ina Caufield, ina Slafkovský aliyechaguliwa wa 1 mwaka 2022, ina Laine. Njaa yao iko katikati.

Sentre kwenye hoki ndiye anayeanzisha mchezo pale kwenye duara, ndiye anayerudi chini kabisa kusaidia mabeki, halafu hapohapo anapanda tena na paki kupita katikati kwenye msongamano. Kazi ya watu wawili. Canadiens wana mmoja wa ukweli, kapteni Nick Suzuki, pointi 89 msimu wa 2024-25. Sasa niambieni sentre aliyemfuata alikuwa na ngapi? Hakufika hata nusu yake. Dvorak ameondoka kwenda Philadelphia, Kirby Dach magoti yanamtesa, kila akisimama anaanguka tena, pole yake. Kwa hiyo adui kazi yake ni rahisi, anaweka mabeki wake wazuri wote juu ya Suzuki, na ule mstari wa pili, yaani kundi la pili la washambuliaji, unabaki na winga mzuri anayengoja paki ambayo haiji. Unaweza kuwa na Demidov wawili, kama hakuna wa kuwaletea paki watabaki kuteleza tu.

Njo maana mi nasema Michael Hage.

Amechaguliwa wa 21, drafti ileile ya 2024, na kumpata Montreal walipanda kutoka nafasi ya 26, walitoa vitu kwa Los Angeles ili wapande, mtu hapandi hivyo kwa mchezaji asiyemtaka. Mkanada wa Ontario, mrefu wa kutosha, kama mita moja na 85, na familia yao ni ya Canadiens tangu zamani. Akaenda chuo kikuu cha Michigan, na msimu wake wa kwanza pale alikuwa na wastani wa pointi moja kwa kila mechi, mtoto wa miaka 18 akicheza na wanaume wa 22, 23. Sasa amerudi kwa mwaka wa pili, na kuna mashabiki walinung'unika eti angekuja moja kwa moja. Aah! Muacheni. Chuoni wanacheza mechi chache, mwishoni mwa wiki hasa, siku nyingine zote ni mazoezi na chuma, na hicho ndicho anachohitaji, mapaja na mabega, maana sentre anasukumwa kila dakika.

Ninachokipenda kwake ni namna anavyopokea paki akiwa tayari kwenye kasi. Wengi wanapokea, wanaangalia, halafu wanaanza kukimbia. Yeye pasi inamkuta anaruka, anavuka mstari wa bluu, ule wa kuingia eneo la adui, mabeki bado wanarudi kinyumenyume, na shuti analo, kwa hiyo kipa hawezi kusema huyu atatoa pasi tu. Kasoro? Akiwa hana paki anasahau. Kuna wakati ekipe yake inashambuliwa na yeye amesimama mahali pa kungojea kuondoka, kama mtu aliyekwisha kulipa teksi. Winga utamsamehe, sentre hapana, Suzuki mwenyewe hafanyi hivyo. Kocha akimrekebisha hapo, Canadiens watakuwa na sentre wa pili kwa miaka kumi bila kununua mtu.

Kipa, Jacob Fowler. Nampenda sana huyu, kazaliwa Florida, mahali pa joto kama kwetu, kachaguliwa wa 69 mwaka 2023. Msimu wa 2024-25 na Boston College alizuia asilimia 94 ya mashuti, hiyo ni hesabu kubwa hata kwa chuo, kisha akasaini na wakampeleka Laval, ekipe ya chini yao. Ila tafadhali mumpe muda. Makipa hawaivi haraka, na sisi watu wa Lubumbashi ndio tusiopaswa kufundishwa hilo, kipa wetu Kidiaba aliingia fainali ya Kombe la Dunia la Klabu na Mazembe mwaka 2010 akiwa na miaka 34. Fowler ana 20. Montembeault yuko, Dobeš yuko, akae Laval acheze kila wiki.

Owen Beck ni sentre pia lakini wa kuzuia, wa mstari wa tatu, wa nne, mzuri kwa kazi hiyo. Zharovsky, wa 34 kwenye drafti ya 2025, bado yuko Ufa kule Urusi, tutaongea akicheza.

Sasa David Reinbacher, na hapa najua nitatukanwa. Beki, kutoka Austria, wa 5 mwaka 2023, na ile siku mashabiki walikasirika vibaya sana maana walimtaka Michkov, ambaye akaenda Philadelphia na msimu wake wa kwanza akapiga pointi 63. Kosa la kijana ni nini? Hakujichagua. Halafu mwezi wa tisa 2024, mechi ya maandalizi na Toronto, goti likaenda, usiku huohuo na Laine goti, siku mbaya kweli, akapasuliwa akakaa nje miezi. Anajua kukaa mahali, anatoa pasi ya kwanza safi, hana kelele. Mi naona atacheza NHL miaka mingi. Lakini mwezi wa sita Montreal wamemleta Noah Dobson kutoka New York Islanders, wakatoa chaguo la 16 na la 17 la drafti pamoja na mchezaji wao Heineman, wakampa mkataba wa miaka 8, na Dobson anacheza kulia. Reinbacher anacheza wapi? Kulia.

Kwa hiyo mwezi wa pili, simu ya bosi Kent Hughes ikilia na ekipe fulani ikasema tunakupa sentre mzoefu, tuletee Hage na Reinbacher, mi namshauri hivi: Reinbacher chukueni, na chaguo la raundi ya kwanza nawaongezea juu. Hage hapana. Wakisisitiza, kata simu.