Mtambo wa kurusha roketi za karatasi kwa hewa: koki iliniangusha, vali ikaniokoa

Kwa miezi minne sasa nina mtambo mdogo wa kurushia roketi za karatasi kwa hewa iliyoshindiliwa. Ni tangi la alumini la lita 1, geji, koki ya kuzungusha kwa mkono na neli ya sentimita 40 yenye unene wa milimita 21 hivi. Unaivika neli roketi kama unavyoivika kalamu kifuniko chake, unajaza hewa kwa pampu ya baiskeli, unafungua koki. Niliununua kwa ajili ya mpwa wangu. Ni nani kati yetu anayeutumia zaidi, hilo tuliache.

Wiki ya kwanza nilikaribia kuurudisha. Kwa presha ya baa 3 (baa ya kipimo, si ile ya vinywaji) roketi ilipanda kivivu na kurudi chini baada ya sekunde 5. Nikaongeza hadi baa 4: sekunde 5 na nusu. Jasho lote lile kwa nusu sekunde!

Ikabidi nikae chini na kalamu. Baa 3 zikisukuma kichwa cha roketi chenye upana wa milimita 21 zinatoa kani ya nyutoni 100 na ushei, karibu sawa na uzito wa ndoo ya lita 10 iliyojaa maji. Roketi yenyewe ina gramu 15 tu. Ikiipata kani hiyo yote tangu mwanzo, mchapuko wake unafika kama mara 700 ya ule wa kitu kinachoanguka, na neli nzima inaimaliza kwa takriban sehemu moja ya mia ya sekunde. Sasa mkono wangu, hata nikiwa na haraka zangu zote, unazungusha koki kwa kama sehemu moja ya tano ya sekunde. Ndipo nikaelewa. Roketi ilikuwa inasukumwa na hewa iliyopenya kwenye mwanya mwembamba, na ilikuwa imeshaondoka koki ikiwa haijafunguka hata nusu. Hewa nyingi niliyoipampu ilikuwa inatoka nyuma yake bila kazi yoyote.

Mtengenezaji huyo huyo anauza vali ya kiwambo, lakini kando, na kwenye boksi hakuna hata mstari mmoja unaoeleza kwa nini utaihitaji. Hilo ndilo lalamiko langu kubwa. Ndani yake mna kiwambo cha mpira chenye hewa pande zote mbili, ndiyo maana kinatulia kimefunga. Ukibonyeza kitufe, hewa ya upande wa nyuma inatoka, na ile ya tangi inakitupa kiwambo nyuma kwa kishindo. Presha ile ile ya baa 3, roketi ile ile: sekunde 8 hewani. Mara ya kwanza tulibaki tunatazama juu tukidhani imepotea.

Ukubwa wa tangi umepimwa vizuri, nakiri. Neli inabeba kama sehemu 14 za mia za lita, kwa hiyo hewa ikishaijaza neli yote presha inashuka kidogo tu, na roketi inapofika mdomoni bado inasukumwa na zaidi ya baa 2. Tangi lingekuwa dogo kama neli, hewa ingechoka njiani.

Kuna jambo lililonitisha bure. Ukimaliza kupampu, geji inashuka taratibu hata kama hujagusa kitu. Nilipaka povu la sabuni kila kiungo, hakuna hata kipovu kimoja kilichotoka. Kumbe hewa ikishindiliwa inapata joto (shika pampu uone), na ikipoa ndani ya tangi presha nayo inapungua. Siku hizi nasubiri dakika moja, naongeza mapigo mawili matatu, kisha narusha. Wakati wa kurusha mambo yanageuka: hewa inatanuka, inapoa, na siku zenye unyevu unaona kiukungu mdomoni mwa neli.

Kuhusu roketi, usitafute wepesi kupita kiasi. Yetu ya gramu 8 ndiyo iliyotoka kwa kasi kuliko zote, lakini ilipungukiwa mwendo upesi, kama unaporusha karatasi uliyoifinyanga badala ya kokoto. Ya gramu 30 ilitoka polepole mno. Ile ya gramu 15, yenye udongo kidogo wa kufinyanga puani ili uzito ukae mbele, ndiyo iliyofika mbali na bila kuyumba. Gundi ya kichwani isiwe ya ubahili. Tulipasua vichwa vitatu kabla ya kuamini kwamba kile kipande cha karatasi kinabeba ndoo nzima ya maji.

Jamaa mmoja alipouona alitaka kutengeneza wake kwa mabomba ya PVC, kwa hoja kwamba yameandikwa yanahimili presha kubwa kuliko hii. Presha hiyo ni ya maji. Maji hayabanwi kwa urahisi, kwa hiyo bomba likipasuka presha inaisha papo hapo. Hewa inaendelea kutanuka na kurusha vipande vya plastiki vyenye ncha kali. Lita 1 kwa baa 3 ina nishati ya jouli 250 hivi, kama mzigo wa kilo 25 ulioanguka kutoka mita 1. Ninalipenda tangi langu la alumini, na vali ya usalama inayofyatuka kwenye baa 5.

Geji ndiyo mbovu: inazidisha karibu nusu baa ukiilinganisha na ile ya pampu yangu. Nimeshaibadilisha. Nyota 4 ukinunua pamoja na vali ya kiwambo, 2 ukibaki na koki.