Silaha: kununua zilizo tayari au kuunda mpya?

Kwa kasi, Poland, iliyonunua zilizo tayari, imeshinda waziwazi. Ilisaini mkataba wa vifaru 180 vya K2 na Korea Kusini Agosti 2022. Vya kwanza vikafika bandarini Desemba mwaka huohuo. Uingereza, iliyochagua kuunda mpya, iliagiza magari 589 ya deraya ya Ajax mwaka 2014, lakini majaribio yakasitishwa kwa sababu ya kelele na mtikisiko. Askari kuumia masikio majaribioni ni jambo zito mno.

Gharama? Bei ya Ajax ilifungwa kwenye pauni bilioni 5.5, na hapo hazina ililindwa. Kwa matengenezo pia Uingereza ina nafuu: kiwanda kiko Wales.

Mwenye tishio mpakani achukue kilicho tayari. Mwenye muda na wahandisi aunde, mradi apime mapema.