Daladala za Kange kwenda Mjini Tanga: Nzuri, Mradi Ukae Kando ya Lami

Abiria anayeshukia stendi ya Kange, iwe ametoka Dar es Salaam au Arusha, hupokelewa na bodaboda, bajaji na daladala. Kwa asiye na haraka wala mizigo mikubwa, ninapendekeza daladala: nauli ni ndogo na magari ni mengi mchana, ingawa gari haliondoki mpaka lijae, na konda akishatamka kwamba bado kuna nafasi, ujue magoti yako hayana tena pa kukaa.

Ubora wa huduma hii, hata hivyo, unapimwa vizuri zaidi kwa kutazama dirishani, uone mji umejipanga vipi na lami. Ngamiani, eneo la katikati ya mji wa Tanga ambako mitaa huhesabiwa kwa namba kuanzia Barabara ya 1 hadi ya 21, ni mji wa miguu na baiskeli, na ndiyo sababu duka, makazi na kijiwe cha kahawa vinakaa ukuta kwa ukuta. Upande wa Kange mambo ni tofauti, kwani huko mji umerefuka kwa kufuata barabara ya Segera: nyumba za wageni na mama lishe wanamsubiri msafiri, gereji zinasubiri magari, na maduka ya saruji na mabati yanamsubiri anayejenga nyuma ya barabara hiyo. Dalali wa viwanja naye hutaja kwanza umbali kutoka lami, maji na umeme baadaye.

Kasoro kubwa ni kwamba daladala haiiachi lami. Aliyenunua kiwanja cha bei nafuu ndani zaidi hulazimika kumalizia safari kwa bodaboda, ambayo usiku humgharimu kuliko daladala yenyewe, kwa hiyo nafuu ya kiwanja inaliwa kidogo kidogo na nauli. Anayeng'ang'ania ukingo wa barabara naye hana usalama, kwa kuwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na kibanda kilichomo ndani ya mita hizo kinaweza kuamkia alama ya X nyekundu, yaani kinatakiwa kubomolewa.

Kwa safari ya mchana ninaipa huduma hii nyota nne kati ya tano. Usiku ni mbili, kwa sababu magari hupungua na mengine hukatisha ruti, na abiria wa mwisho ndiye anayeshushwa njiani.